Kusomea Mawasiliano: Elimu ya Maneno Ilivyoingia Chuo Kikuu

(Somo hili lilisomwa kwanza katika redio. Limechapwa hapa kama lilivyosemwa, ili madarasa ya kisomo cha watu wazima yapate kulisoma tena polepole.)

  

Juma lililopita nilipata barua. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa kubwa, na mwandishi wake ni mama mmoja ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa akiweka dole gumba mahali pa sahihi. Sitalitaja jina lake wala kijiji chake, maana barua yenyewe ina mambo ya nyumbani. Shikamoo, mama, popote unaponisikiliza.

Mama huyu ana mwana aliyemaliza kidato cha sita. Kijana amepata nafasi ya chuo kikuu, naye amechagua kusomea kitu kinachoitwa mawasiliano ya umma. Masomo ni ya miaka mitatu. Mkopo wa serikali, kama ataupata, huenda usitoshe, na pale nyumbani yuko ng'ombe mmoja wa maziwa. Baba wadogo wa kijana wamekaa kikao. Wamesema, kama angesomea udaktari au ualimu au kilimo, ng'ombe angeuzwa siku ile ile. Lakini mawasiliano? Mmoja wao amesema hivi: "Mtoto hufundishwa kusema na mama yake bila ada. Sasa tuuze ng'ombe akafundishwe kusema mara ya pili?" Kikao kitarudi tena, na mama atatakiwa aseme neno. Ananiuliza: Je, hii ni elimu kweli?

Nimelipenda swali hili, na wala simcheki baba mdogo. Swali lake liliulizwa zamani na wenye magazeti makubwa ya Marekani, na wakuu wa vyuo vikuu wakaliuliza pia. Historia ya masomo haya ni historia ya kulijibu.

Tuanze na neno lenyewe. Liandikeni katika daftari: ma-wa-si-li-a-no. Ndani yake limo neno kuwasili, yaani kufika. Gari limewasili, mgeni amewasili. Watu wakiwasiliana, jambo la huyu limemfikia yule, na la yule limemfikia huyu. Basi lugha yetu imekwisha kutupa nusu ya jibu. Kusema ni kitu kimoja, na kufika ni kitu kingine. Kusema tulifundishwa na mama zetu. Lakini kwa nini maneno mengine husemwa yasifike, na mengine hufika yamegeuka, na uongo mara nyingine hufika mapema kuliko kweli? Hilo mama zetu hawakutufundisha, maana hata wao lilikuwa likiwasumbua.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Nilipoanza kazi hii ya elimu nilitumwa kufungua darasa jipya. Nikaandika tangazo zuri, kwa maneno ya ofisini, nikaligonga muhuri, nikalibandika mlangoni pa ofisi. Siku ya kuanza walikuja watu watatu, na mmoja wao alikuja kwa shauri la shamba. Nilikasirika, nikasema watu wa hapa hawapendi elimu. Mama muuza vitumbua akaniambia: "Mwanangu, umewaita watu wasiojua kusoma kwa karatasi?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na stashahada ya chuo kikuu mfukoni, lakini jambo hilo lilikuwa limenipita.

Sasa twende kwenye historia yenyewe.

Yasimuliwa kwamba elimu ya maneno ilianzia katika mashauri ya mashamba. Katika kisiwa cha Sicily, mji wa Syracuse, yapata miaka 2,500 iliyopita, watawala wajeuri waliondolewa. Watawala hao walikuwa wamewanyang'anya watu ardhi zao. Walipoondoka, kila mtu alikuja mbele ya baraza kudai shamba lake, naye alitakiwa ajisemee mwenyewe. Mwenye haki asiyejua kupanga maneno aliweza kushindwa na mwongo mwenye ulimi. Ndipo, wasema watu wa kale, wakatokea walimu wawili, Corax na Tisias, wakafundisha namna ya kuanza hoja, kuithibitisha na kuimaliza. Nani kati yenu hajawahi kuona jambo kama hilo katika baraza la ardhi?

Baadaye Mgiriki Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima juu ya sanaa hiyo. Waarabu nao walikuwa na elimu yao ya ufasaha, wakaiita balagha, na neno hilo limo katika Kiswahili chetu mpaka leo. Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya vilipoanza, balagha ilikuwa moja katika masomo matatu ambayo kila mwanafunzi aliyapitia kwanza, pamoja na sarufi na mantiki. Kwa hiyo baba mdogo akisema kwamba kusomea maneno ni jambo la juzi, tutamwambia kwa heshima kwamba si la juzi.

Lakini shahada ya mawasiliano kama tuijuavyo leo ilizaliwa katika karne ya 20, na zaidi ilizaliwa Marekani. Wazazi wake hawakupatana tangu mwanzo.

Mzazi mmoja ni gazeti. Tarehe 14 Septemba 1908, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, chuo kikuu cha jimbo hilo kilifungua shule ya uandishi wa habari. Mkuu wake wa kwanza aliitwa Walter Williams. Alikuwa mhariri wa gazeti, na jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Alikuwa ameanza kazi akiwa kijana katika mtambo wa kupiga chapa. Wahariri wengi wa wakati ule walimcheka. Walisema kazi ya gazeti hufunzwa katika ofisi ya gazeti: kijana atumwe kuleta chai, atumwe mahakamani, aandike, arudishiwe karatasi imechanwa, aandike tena, mpaka ajue. Hawakuwa wapumbavu. Wengi wao walikuwa wamejifunza hivyo, na walikuwa mafundi.

Williams aliwajibu kwa vitendo. Siku ile ile shule ilipofunguliwa, wanafunzi walitoa gazeti, gazeti la kweli la kuuzwa kwa watu wa mji. Wanafunzi wakatafuta habari, wakaandika, walimu wakasahihisha. Kama kuna kosa, watu wa mji waliliona. Miaka mingi baadaye, mwaka 1931, mtu huyu asiye na shahada alifanywa mkuu wa chuo kikuu kizima.

Kule New York alikuwako tajiri mwenye magazeti, Joseph Pulitzer. Alizaliwa Hungaria, akaingia Marekani mwaka 1864 akiwa kijana maskini. Magazeti yake yalikuwa mashuhuri, na sifa yao haikuwa nzuri sikuzote, kwa maana yalipenda vichwa vikubwa vya habari za kushtua. Huenda hilo lilimkera moyoni. Mimi naona hivyo, ingawa hakuna awezaye kuuingia moyo wa mtu. Alitaka kutoa fedha nyingi kwa Chuo Kikuu cha Columbia, ambacho hakihusiani na ule mji wa Missouri wenye jina hilo, ili kifungue shule ya waandishi. Mwaka 1892 chuo kilikataa. Uandishi wa habari si elimu, wakasema wakubwa. Pulitzer hakuacha. Mwaka 1903 walikubaliana, naye akatoa dola milioni 2. Alikufa mwaka 1911, na shule ikafunguliwa mwaka 1912, asiione.

Mzazi wa pili ni hotuba. Katika vyuo vya Marekani walikuwako walimu wa kusema mbele ya watu. Walimu hawa waliwekwa pembeni ndani ya idara za lugha ya Kiingereza, na wenzao walithamini vitabu, si sauti. Mwezi wa Novemba 1914, mjini Chicago, walimu 17 wakatoka katika chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chama chao wenyewe. Kumi na saba tu! Chama hicho kipo hata leo, lakini jina lake limebadilika mara kadhaa, na sasa ni chama cha taifa cha mawasiliano.

Basi hapo palikuwa na waandishi upande huu na wasemaji upande ule. Hawakuwa na habari kubwa na wenzao. Kilichokuja kuwaleta chini ya paa moja ni hiki hiki mnachokisikiliza sasa, yaani redio.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa maana kisa hiki chafaa kisimuliwe vizuri.

Ilikuwa Jumapili usiku, tarehe 30 Oktoba 1938. Redio moja kubwa ya Marekani ilitangaza mchezo wa kuigiza. Mwongozaji wake alikuwa kijana wa miaka 23, Orson Welles. Mchezo ulitungwa kutoka katika kitabu cha hadithi cha Mwingereza H. G. Wells, juu ya viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Mwanzoni mtangazaji alisema wazi kwamba huu ni mchezo. Lakini sehemu ya kwanza ilitengenezwa kwa mfano wa taarifa ya habari. Muziki wa dansi ukapigwa, ghafla ukakatwa: kuna habari ya haraka. Muziki ukarudi, ukakatwa tena. Kitu kimeanguka kutoka mbinguni katika kijiji cha Grover's Mill, jimbo la New Jersey. Kijiji hicho kipo kweli. Sauti ya mwandishi ikatetemeka, kisha kimya.

Mtu aliyefungua redio kwa kuchelewa hakusikia yale maneno ya mwanzo. Alichosikia ni taarifa ya habari, kwa sauti ile ile anayoiamini kila siku. Watu wengine wakaogopa. Wengine walipiga simu polisi, wengine waliita majirani, wengine waliomba Mungu.

Kesho yake magazeti yalipiga kelele: taifa zima lilishikwa na kiwewe! Sasa tazameni. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Princeton, Hadley Cantril, hakutosheka na kelele. Yeye na wenzake, Hazel Gaudet na Herta Herzog, walikwenda kuwauliza watu. Walizungumza kwa kirefu na watu 135, wengi wao wakiwa miongoni mwa walioogopa, na mwaka 1940 wakatoa kitabu. Swali lao halikuwa kwamba mchezo ulikuwa mzuri au mbaya. Walitaka kujua kwa nini watu wawili, wenye redio za namna moja, wasikie maneno yale yale, mmoja akimbie na mwingine acheke.

Wakaona mambo yenye maana. Waliocheka, wengi wao walikuwa wamefanya jambo dogo tu: wamechungulia dirishani, au wamegeuza redio kusikiliza kituo kingine, au wametafuta gazeti lenye orodha ya vipindi. Waliokuwa wamesoma zaidi walikuwa wepesi zaidi wa kufanya hivyo, ingawa si wote. Wengine walichungulia dirishani wakaona barabara tupu, wakasema: watu wote wamekwisha kukimbia! Wengine wakaona magari mengi, wakasema: watu wote wanakimbia! Mtu aliyekwisha kuogopa hupata ushahidi popote anapotazama.

Kitabu kile kilikadiria kwamba watu milioni 6 hivi walisikiliza, na zaidi ya milioni 1 waliogopa. Siku hizi wanahistoria wamerudi kuchunguza, na wengi husema hesabu ile ilikuwa kubwa mno. Wasema walioogopa walikuwapo, lakini kiwewe cha taifa zima kilitengenezwa zaidi na magazeti, ambayo yaliichukia redio kwa sababu ilikuwa ikiwanyang'anya matangazo ya biashara. Basi tazameni kisa kilivyo na safu mbili. Safu ya kwanza, redio ilisema jambo lisilo kweli likafika kama kweli. Safu ya pili, habari ya kiwewe nayo ilitiwa chumvi, nayo ikafika kama kweli, ikaaminiwa kwa miaka zaidi ya hamsini. Mwanafunzi wa mawasiliano husoma safu zote mbili.

Mwaka 1940 ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa rais wa Marekani. Watu wengi waliamini kwamba redio ni kama sindano ya daktari: ukimdunga mtu maneno, yataingia damuni naye atafanya utakavyo. Walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa huko Ujerumani Hitler alikuwa akiitumia redio kuwasha chuki. Alikuwako mtaalamu mmoja mzaliwa wa Vienna, Paul Lazarsfeld, aliyesomea hesabu. Yeye alikuwa Myahudi, na alikuwa amehamia Marekani katika miaka ile ya 1930. Akachagua wilaya moja ya Erie katika jimbo la Ohio. Watu wake wakawahoji wananchi 600 mwezi baada ya mwezi, tangu Mei mpaka Novemba. Walirudi kwa watu wale wale ili waone nani amebadilika na nani amembadilisha.

Matokeo yaliwashangaza. Waliohama kutoka upande mmoja hadi mwingine walikuwa wachache sana. Na wengi walipoulizwa ni kitu gani kilichowasaidia kuamua, hawakutaja redio kwanza. Walitaja watu: jirani, ndugu, fundi, mfanyakazi mwenzao, yule ambaye kila mmoja humwuliza, "Wewe waonaje?" Watu hao ndio waliosikiliza redio na kusoma magazeti kwa bidii. Maneno yalitoka redioni, yakamfikia mtu wa namna hiyo, kisha yeye akayapeleka kwa wenzake yakiwa yamepita katika kichwa chake. Maneno yalikwenda kwa hatua mbili.

Nilipokisoma kisa hiki nilimkumbuka muuza vitumbua wangu. Yeye ndiye niliyepaswa kumwendea kabla ya kugonga muhuri.

Sasa tumekaribia kuizaa shahada. Aliyewaweka waandishi, wasemaji na watafiti katika nyumba moja ni Wilbur Schramm, aliyezaliwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Marietta, Ohio. Huyu nataka mmkumbuke kwa sababu moja. Schramm alikuwa na kigugumizi. Alikipata akiwa mtoto mdogo wa miaka mitano, baada ya kupasuliwa kooni vibaya. Baba yake alikuwa mwanasheria, kazi ya kusema, na mwana hakuweza kusema. Yasimuliwa kwamba siku ya kumaliza shule, alipopewa heshima ya kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake, alipiga filimbi badala ya kuhutubu. Mwaka 1930 alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa, ambako palikuwa na wataalamu wa kigugumizi. Akatibiwa, akapata nafuu, na huko huko akasoma mpaka akapata shahada ya juu kabisa katika fasihi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliitwa Washington kufanya kazi katika ofisi ya serikali ya habari za vita. Huko alikutana na wataalamu wa hesabu, wa siasa, wa saikolojia, wote wakihangaika na tatizo moja: serikali imesema, je, watu wamesikia? Alirudi Iowa mwaka 1943 akiwa mkuu wa shule ya uandishi wa habari, na kichwani ana mpango mpya, kwamba mawasiliano yasomwe kama elimu inayosimama yenyewe, yenye utafiti wake na shahada zake mpaka za juu. Mwaka 1947 alihamia Chuo Kikuu cha Illinois akaanzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano, na mwaka 1955 akaenda Stanford. Wanafunzi wake wakatawanyika wakafundisha kwingine. Shule nyingi za uandishi wa habari zikaongeza neno mawasiliano katika majina yao. Ndipo kijana wa miaka 18 akaweza kuingia chuo akasomea mawasiliano kama vile mwenzake alivyosomea hesabu au historia.

Ugomvi haukuisha. Mwaka 1959 mtaalamu mashuhuri, Bernard Berelson, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wa Ohio, aliandika kwamba elimu hii imechoka na inanyauka. Schramm alimjibu palepale kwamba si kitu cha kunyauka; ni kama njia panda, ambapo watu wa elimu nyingi hupita. Nadhani wote wawili walikuwa na neno. Njia panda ni mahali pazuri pa kuuza machungwa, lakini si kila mtu hujenga nyumba hapo. Mpaka leo wapo maprofesa wa masomo mengine wanaoitazama shahada hii kwa jicho la pembeni.

Tufike kwetu sasa. Mafunzo ya uandishi wa habari katika Afrika Mashariki yalianza kwa vyeti na stashahada. Nyegezi, karibu na Mwanza, mapadre wa Kikatoliki walianzisha chuo mwaka 1960 ambacho kilifundisha kazi hiyo pamoja na mambo ya jamii. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970. Hapa Tanzania serikali ilianzisha chuo cha uandishi wa habari Dar es Salaam mwaka 1975. Shahada zilikuja baadaye. Makerere, Uganda, ilianza mwaka 1988. Nyegezi kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na kile chuo cha Dar es Salaam kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Kwa hiyo wazee wetu hawana kosa wakiiona shahada hii kuwa ngeni. Wao walipokuwa shuleni, haikuwapo.

Lakini lile jambo la kufika kwa maneno, hilo si geni kwetu, na wengine wenu mlikuwamo. Nani anaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973? Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kidogo pamoja. Kipindi kilipokwisha, hawakuzima redio wakaenda zao. Walibaki wakazungumza wakiongozwa na mwenzao aliyefundishwa kidogo, wakaamua la kufanya: tuchimbe choo, tufyeke majani, tuchemshe maji. Tena wakafanya. Waliopanga kampeni ile walijua kwamba redio peke yake haichimbi choo. Redio na jirani ndio wanaochimba. Mambo yale yale ya Ohio, ila huku yalitumiwa kwa malaria na kuhara, si kwa kura. Kampeni ile husomwa mpaka leo na wanafunzi wa nchi za mbali.

Sasa nikurudie, mama yangu. Huyo kijana atasoma nini hasa? Atajifunza kutafuta habari na kuiandika, na kusema mbele ya kipaza sauti. Atasoma sheria, ajue mstari kati ya kufichua ubaya na kumkashifu mtu. Atajifunza kuhoji watu na kuhesabu majibu yao. Atatumwa mafunzoni kwa vitendo, katika gazeti au redio au ofisi. Atasoma pia nadharia, na hapo wengine husinzia. Nami nisiwadanganye, nadharia nyingine zimeandikwa vibaya, na watu waliosomea mawasiliano!

Kuhusu kazi, nitasema kweli. Shahada hii haina ahadi. Wako vijana wengi walioimaliza na hawajapata kazi. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja, na malipo ni madogo. Wengine wamepata kazi za maafisa habari katika halmashauri, mahospitali, mashirika na makampuni. Daktari aweza kushona jeraha, na kila mtu akaona. Kazi ya huyu huonekana zaidi siku inapokosekana, kwa mfano siku ugonjwa umeingia na kijiji kimeamini ujumbe wa simu ulioandikwa na mtu asiyejulikana.

Kwa hiyo, kabla ya ng'ombe kuondoka, mwite kijana umwulize. Hicho chuo kina studio ya redio au gazeti ambalo wanafunzi wenyewe huandika, kama lile la Missouri? Watampeleka wapi kwa mazoezi, na kwa muda gani? Akikosa kazi gazetini, ana la pili? Kisha mpe kazi moja. Mwambie awaeleze baba zake wadogo, kikaoni, kwa nusu saa, kwa nini anataka kusomea jambo hili, bila neno hata moja la Kiingereza. Wewe keti kando utazame nyuso zao. Ukiona wameanza kumwuliza maswali ya kweli, si ya kumkebehi, utakuwa umejua jambo ambalo mimi nikiwa hapa redioni siwezi kulijua.

Na ninyi wa darasani, kazi yenu ni hii. Chagueni tangazo moja lililobandikwa kijijini au sokoni juma hili. Waulizeni watu watano: limesema nini, na wamelijuaje? Andikeni majibu katika daftari, na karibu na kila jibu andikeni kama mtu huyo alilisoma mwenyewe au aliambiwa, na aliambiwa na nani. Msiandike majina, andikeni tu "jirani", "mjomba", "fundi baiskeli". Juma lijalo, kabla ya kuanza somo la historia ya posta, mwalimu wenu atayahesabu majibu hayo ubaoni.

Kwaherini.